Gia ya pili inaruka mlimani: je, lazima injini ipasuliwe?

Swali limetoka kwa dereva wa bodaboda wa Mwandiga, Kigoma: "Shikamoo fundi. Naendesha pikipiki ya mkataba, ya Kichina ya cc 125, ina mwaka wa pili sasa. Mwezi uliopita nilianguka nayo kwenye tope nikitokea Kalinzi, ikalalia upande wa kushoto. Tangu hapo gia ya pili inaruka nikiwa na mzigo mlimani, na mara nyingine pedali ya gia inabaki chini mpaka niinyanyue kwa kidole cha mguu. Fundi wa kwanza kasema injini ishushwe, ipasuliwe, gia zote zibadilishwe. Wa pili kasema atatengeneza ikiwa hapo hapo kwenye chesesi bila kupasua. Bosi anataka hesabu kila siku, siwezi kulaza pikipiki wiki nzima. Nimsikilize yupi?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuanguka. Usimsikilize yeyote bado. Kwa maelezo yako hakuna hata mmoja aliyepima. Mmoja ameona kazi kubwa, mwingine ameona mteja mwenye haraka. Wewe una matatizo mawili yaliyokuja siku moja. La pedali kutorudi linatengenezeka bila kupasua injini, tena ndani ya siku moja. La gia ya pili huenda ni mtoto wa hilo la kwanza, huenda lina mama mwingine kabisa. Ndiyo maana tunaanza na la pedali, halafu tunaona.

Kama injini yako vali zake zinasukumwa na pushirodi (zile fito za chuma), haina taiming cheni, basi ni ule muundo wa CG ambao Honda waliutoa mwaka 1976 na viwanda vingi vya China vikaunakili. Ni injini ninayoipenda. Inavumilia oili mbaya, joto na mafundi wa njiani. Ila kwa shida yako ina jambo moja gumu: nyumba yake ni nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, zimefungwa pamoja kama maganda ya karanga, na mstari wa kuungana unapita chini kabisa ya silinda. Gia zimelala katikati ya nusu hizo. Kuzifikia ni lazima hedi itoke, silinda itoke, sumaku ya kuzalisha umeme na klachi vitoke, ndipo ganda lifunguke. Dirisha la pembeni halipo. Kwa hiyo anayekuambia atakubadilishia gia ya pili bila kupasua anakudanganya. Lakini anayesema kila ugonjwa wa gia ni wa kupasua, naye hajawahi kutazama vizuri kilichopo nyuma ya klachi.

Hebu nikuonyeshe kilichopo, maana ukikielewa hakuna fundi atakayekuzungusha.

Ukikanyaga pedali unazungusha shafti nyembamba inayopita injini nzima kutoka kushoto hadi kulia. Upande wa kulia, nyuma ya klachi, shafti hiyo ina mkono wenye kucha. Kucha inashika pini zilizo kwenye ncha ya ngoma ya gia na kuizungusha hatua moja. Ngoma imechongwa mifereji. Ndani ya mifereji zinatembea foki, vyuma vyenye umbo la uma. Foki ndizo zinazosogeza gia kushoto na kulia juu ya shafti zake. Ukiachia pedali, springi ya kurudishia inaurudisha ule mkono katikati, tayari kwa hatua nyingine. Springi hiyo ina miguu miwili iliyokumbatia pini nene iliyofungwa kwa nyuzi kwenye nyumba ya injini. Pembeni kidogo kuna kimkono chenye rola, kinakandamizwa na springi ndogo ili rola ikae kwenye bonde la nyota, yaani kibati chenye umbo la nyota kilicho kwenye ncha ya ngoma. Huyo ndiye mlinzi: ngoma ikishatulia kwenye gia, yeye anaizuia isizunguke yenyewe.

Shafti ya pedali, kucha, springi ya kurudishia, pini yake, nyota na kimkono cha rola vyote viko nje ya ganda, nyuma ya klachi. Unafungua kava la kulia, unatoa klachi, unavishika kwa mkono. Foki, mifereji, gia na beringi zake viko ndani.

Sasa kuhusu kuruka kwenyewe. Vijiweni wengi mnadhani gia inapoingia ndipo meno yanapokutana. Hapana. Meno ya gia zote yamekutana muda wote, hata pikipiki ikiwa frii. Ila katika kila jozi, gia moja inazunguka bure juu ya shafti yake. Kinachoingia ni vikucha vya ubavuni. Gia inayosogezwa na foki ina vikucha vinene, na jirani yake ana nafasi za kuvipokea. Vikishikana, ile iliyokuwa inazunguka bure inafungwa na shafti, nguvu inapita, gurudumu linakwenda. Vikiwa vizima kona zake ni kali, na mara nyingi kuta zake zimeinamishwa kidogo kwa ndani, hivyo kadiri mzigo unavyozidi ndivyo vinavyozidi kuvutana. Vikilika na kona zikawa mviringo, mzigo ule ule unavisukuma vitengane. Ndiyo sababu gia iliyochakaa hairuki ukiwa peke yako tambarare ya uwanja wa ndege. Inaruka ukiwa na madumu ya mawese nyuma na barabara inapanda.

Na kwa nini ni ya pili kila mara? Kwa sababu kwenye pikipiki nyingi za aina hii kati ya ya kwanza na ya pili kuna frii. Safari ya ngoma hapo ni ndefu kuliko kwingine, na dereva akikanyaga kivivu, vikucha vinashikana ncha kwa ncha, havizami. Ongeza ule mtindo wa kushuka kutoka ya tatu kwenda ya pili katikati ya mlima bila kuminya klachi mpaka mwisho. Vikucha vinagongana, "ka-ka-ka", wewe unaona ni sauti tu. Kila "ka" ni unga wa chuma ndani ya oili.

Basi tupime. Swali la kwanza ninalomuuliza kila anayeniletea gia inayoruka ni hili: inaruka moja, au hata nyingine zinaruka na kusitasita? Mlinzi mwenye rola analinda gia zote. Springi yake ikilegea au ikikatika, ugonjwa utauona kwenye gia zaidi ya moja. Kama ni ya pili peke yake, na ya tatu na ya nne zinashika kama kawaida hata ukiwa umelemewa, kidole changu kinaelekea ndani ya ganda. Wewe umesema ya pili tu, na hilo limenitia wasiwasi. Ila umesema pia ilianza siku ya kuanguka, na pikipiki ililalia kushoto, upande wa pedali. Vikucha haviliki kwa siku moja. Hilo linanirudishia matumaini.

Kwa hiyo kabla ya spana yoyote, chuchumaa utazame pedali yenyewe. Ikipinda kwa kuanguka, inagonga kava au sehemu ya kuwekea mguu kabla haijamaliza safari yake. Kucha inazungusha ngoma robo tatu ya hatua, rola inabaki imepanda kilele cha nyota badala ya kuzama bondeni, na gia inaingia nusu. Nusu hiyo inatosha kukuondoa pale ulipo, haitoshi kupanda mlima. Ingiza kidole kati ya pedali na kava. Pandisha na shusha mpaka mwisho. Isiguse kitu popote. Tazama pia kama meno ya pedali yanacheza juu ya shafti. Bolti ya kubana pedali ikilegea, nusu ya nguvu ya mguu wako inaishia kwenye uchezaji huo. Mara nyingine ugonjwa unaishia hapa: unanyoosha pedali au unaibadilisha, unaiweka jino moja juu zaidi, unakwenda zako. Usiinyooshe ikiwa kwenye injini, lakini. Itoe kwanza, ukiipiga nyundo ikiwa mahali pake utapinda shafti na kung'oa sili ya oili.

Pedali ikiwa nzima, weka dabo stendi, gurudumu la nyuma likiwa juu, injini imezimwa. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ingiza gia moja moja. Tumia mkono, usitumie mguu, maana buti halina hisia. Kila gia inapoingia utasikia "tk" ya rola kuzama bondeni, na pedali irudi katikati yenyewe. Ikibaki chini, springi ya kurudishia imekatika, au ile pini iliyokumbatiwa imelegea nyuzi zake. Ikirudi lakini haifiki katikati kabisa, mara nyingi ni shafti imepinda na inasugua tundu lake. Ukisikia gia zote zinaingia laini mno, bila "tk", mlinzi wetu hayupo kazini.

Usisahau kuwatoa lawamani wasiohusika. Cheni iliyolegea juu ya spoketi iliyochongoka kama meno ya papa huruka na kutoa mshtuko ambao dereva anaapa ni gia. Tofauti yake: gia ikiruka kutoka ya pili, pedali inapiga mguu wako kutoka chini na mara nyingine taa ya kijani ya frii inamulika, injini inalia juu na nguvu haipo kabisa mpaka uingize tena. Cheni ikiruka, ni pigo moja au mawili halafu nguvu inarudi yenyewe, na pedali haijatikisika. Kamata pia spoketi ndogo uitikise juu na chini. Ikicheza kwenye meno ya shafti tu, badilisha spoketi na kile kibamba chake. Ikicheza pamoja na shafti yenyewe, beringi ya shafti imechoka, na hiyo ni habari ya kupasua bila mjadala.

Klachi nayo. Iminye, weka ya kwanza, sukuma pikipiki. Ikigoma kwenda, klachi haiachii, na kila gia unayoingiza unaiingiza kwa vita. Mkono wa klachi uwe na nafasi ya milimita 10 hadi 20 kwenye ncha yake kabla haujaanza kuvuta. Nimeona vijana wengi wanaacha waya umelegea ili pleti zisiungue. Wanaokoa pleti, wanaua vikucha.

Sasa mwaga oili. Imwage ikiwa ya moto, ndani ya beseni safi, upitie kwenye kitambaa chembamba cheupe. Chukua sumaku ya spika mbovu ya redio, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ipitishe ndani ya oili. Vumbi laini la kijivu linaloganda kama masizi ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa visivyoshikwa na sumaku ni aluminiamu; mara nyingi vinatoka kwenye nyumba ya klachi au kwenye ganda. Ukikuta vichembe vya chuma vyenye kona, vinavyokwaruza ukivisugua kati ya vidole, hivyo ni vikucha vyako vinakuaga. Ukikuta kipande chenye umbo la jino au cha ringi ya beringi, zima injini na usiiwashe tena. Oili ya gia na oili ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwenye injini hii ni moja. Kipande kikizunguka huko, pampu inakivuta.

Mpaka hapa hujatumia hata shilingi ya fundi, ni oili tu, ambayo ilikuwa ibadilishwe vile vile. Kama oili haina vipande vyenye kona, na pedali hairudi, basi yule fundi wa pili anaweza kuwa sahihi, na kazi ya kufungua kava la kulia inaanza. Unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na mtu anayekushikia, ila kwa mara ya kwanza kaa na fundi mvumilivu.

Osha kwanza. Sisemi kufuta, nasema osha, kwa brashi na sabuni, hasa chini ya kiki na pembeni mwa kava. Udongo wetu mwekundu ukiingia ndani ya ganda ni msasa. Toa mkono wa kiki, waya wa klachi, na pedali ya breki ikizuia njia. Bolti za kava hazilingani urefu. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, choma kila bolti kwenye tundu lake. Bolti ndefu ikiingizwa kwa nguvu kwenye tundu fupi inapasua aluminiamu, na hapo utakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya. Kava likigoma, ligonge pembeni kwa nyundo ya raba au kipini cha mbao. Bisibisi usiiingize katikati ya nyuso, hata kama umeona mafundi kumi wakifanya hivyo.

Ndani utakutana na klachi, na kwenye ncha ya krenki kikombe cha kuchujia oili. Kwenye injini nyingi za aina hii kikombe hutangulia kutoka ndipo nyumba ya klachi ipite. Nati yake ina mikato minne na inataka kifunguo chake chenye meno manne. Kifunguo hicho ni cha bei ndogo, lakini karibu kila injini ninayopokea nati hiyo imeshapigwa tindo na nyundo mpaka imekuwa kama mua uliotafunwa. Kila pigo la tindo linakwenda moja kwa moja kwenye beringi za krenki. Azima kifunguo. Na kwa kuwa umefika hapo, futa tope jeusi lililoganda ndani ya kikombe. Hilo ni takataka ambalo lingekuwa kwenye beringi zako.

Springi za klachi zilegeze kidogo kidogo kwa mshazari, toa pleti, toa loki au nati ya kitovu, vuta nyumba ya klachi. Pitisha ukucha kwenye kingo za nyumba pale pleti zinapokaa. Kama pleti zimekata mikato, klachi ilikuwa inang'ang'ania. Mikato midogo isawazishe kwa tupa, mikubwa badilisha.

Nyuma yake sasa ndio tuliokuja kuwaona. Kabla hujafungua chochote, mtu akuchezeshee pedali wewe ukitazama kwa tochi. Dakika hiyo moja inakupa jibu lote. Utaona springi imekatika mguu. Au utaona pini iliyokumbatiwa inayumba pamoja na springi. Au kucha inapita juu ya pini za ngoma bila kushika. Au rola haigusi nyota.

Hapa lazima nikiri jambo. Miaka ya nyuma mteja mmoja aliyekuwa akibeba chumvi kutoka Uvinza aliniletea pikipiki inayoruka gia. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha ufundi, nikaishusha injini, nikaipasua, nikazitandaza gia zote juu ya gunia. Vikucha vilikuwa vikali kama vipya. Nikafunga, nikakabidhi, ikaruka jioni ile ile. Niliporudi nyuma ya klachi nikakuta bolti ya katikati ya nyota imelegea, nyota inacheza juu ya ncha ya ngoma, hivyo rola inalinda kitu ambacho hakijashikana na ngoma. Nilikuwa nimeipita nikienda na nikaipita nikirudi. Siku tatu za mtu yule nilizila mimi, na hela yake nikamrudishia.

Bolti kama hiyo, na ile pini ya springi, havihitaji spea. Toa, osha nyuzi kwa petroli, ziache zikauke, tia tone la gundi ya bolti ya bluu, kaza. Bila gundi italegea tena, maana mtetemo ulioilegeza bado upo. Springi iliyokatika badilisha. Usiinyooshe ile ya zamani, na usikubali kuchongewa ya waya wa baiskeli. Springi ya rola ukiwa umefika hapo badilisha hata kama inaonekana nzima, haina bei ya kukufanya ufikirie mara mbili.

Kwa kuwa ulianguka upande wa pedali, ichomoe shafti uikague. Toa pedali kushoto, safisha meno yake tope na kutu, ndipo uivute shafti kutokea kulia. Izungushe juu ya kioo. Ikipinda utaona mwanga ukipita na kufungwa. Iliyopinda badilisha, kunyoosha hakudumu. Ukirudisha, viringisha selotepu kwenye meno ili yasichane sili, paka oili, sukuma taratibu. Kama sili ilikuwa inavuja, huu ndio wakati wake: inatoka na kuingia kwa nje. Hakikisha miguu miwili ya springi imeikumbatia pini sawasawa. Mguu mmoja ukikaa nje ya pini, utafunga kila kitu na pedali itakuwa mbovu kuliko mwanzo.

Kabla ya kurudisha klachi, ingiza gia zote tena kwa mkono huku gurudumu likizungushwa. Ndipo ufunge. Gasketi mpya, au ya zamani kama imetoka nzima. Silikoni iwe utando tu. Inayobaki inajipinda ndani kama funza, inakatika, inakwenda kuziba wavu wa oili. Wavu wenyewe uoshe: kwenye baadhi ya injini uko nyuma ya bolti kubwa ya chini, kwenye nyingine unauona ukishatoa kava. Tia oili ya pikipiki ya 20W-50 yenye alama ya JASO MA kwa kiasi kilichoandikwa kwenye injini au kitabu chake, kisha hakiki kwa kijiti. Alama hiyo inamaanisha oili haitaitelezesha klachi inayoogelea ndani yake. Baadhi ya oili nyepesi za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi yako inaishi kwa msuguano.

Kuhusu ganda: kwa kuwa pikipiki iliangukia kushoto, toa kifuniko cha spoketi ndogo uangalie kama kuna ufa. Ufa mdogo unaovujisha oili, ulio mbali na kiti cha beringi, unazibika kwa gundi ya chuma ya kuchanganya mbili: toboa tundu dogo la milimita 2 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee, ukwaruze kwa msasa, osha kwa petroli mpaka pasiwe na alama ya mafuta, paka, acha siku nzima. Hapo tahadhari ni moja: vumbi la kutoboa lisiingie ndani, hivyo paka grisi kwenye ncha ya keekee na utoboe polepole. Ufa unaogusa kiti cha beringi, gundi haiuwezi.

Sasa jaribu. Siku ya kwanza peke yako, bila abiria. Siku ya pili na mzigo, barabara ile ile ya mlima. Ikishika, kazi imekwisha na hesabu ya bosi inaendelea.

Ikiruka tena ya pili tu, basi vikucha au foki ndivyo vyenye kesi, na yule fundi wa kwanza alikuwa sahihi kwa nusu. Nusu nyingine alikosea, ile ya "gia zote". Kupasua si lazima kuwe ovaholi, yaani kufumua na kufanya upya injini nzima. Hedi itoke ikiwa nzima, vali zisiguswe. Silinda ivutwe, pistoni na ringi zake zibaki kama zilivyo kama injini haikuwa inavuta moshi wala kula oili. Krenki ibaki kwenye nusu yake ya ganda. Gia zitoke kama fungu, shafti mbili kwa pamoja, zipigwe picha kabla ya kugusa washa hata moja (vile vibati vya duara vilivyo kati ya gia), maana washa ikihama nafasi gia haitafika kwa mwenzake. Kinachobadilishwa ni gia ya pili, ile inayoshikana nayo kwa vikucha, na foki yake ikiwa imepinda au ncha zake zimegeuka bluu kwa kuungua. Gia mbili zinazoshikana zibadilishwe pamoja. Kikucha kipya na kikongwe havikai ndoa. Sili na gasketi mpya. Beringi zizungushwe kwa kidole, yenye kukwaruza itoke.

Kuna watakaokuambia watachonga vikucha kwa grinda vipate kona tena. Inawezekana, na itashika. Lakini ugumu wa gia uko kwenye ngozi ya juu tu. Ukiichonga unabaki na chuma laini, na baada ya muda mfupi unapasua tena na kulipa gasketi mara mbili. Mimi huwa nakataa kazi hiyo hata mteja akiisisitiza, isipokuwa ni mtu aliyekwama Manyovu anataka kufika nyumbani tu.

Kama hela ya kupasua bado, unaweza kujivuta kwa wiki kadhaa. Ondoka na ya kwanza, ipeleke mbali kidogo, pita ya pili haraka bila kuipa mzigo, uingie ya tatu. Mlima mkali panda na ya kwanza yote, polepole, hata abiria akikucheka. Usishikilie pedali kwa mguu ili gia isiruke; inasaidia leo, lakini foki inasuguana na gia mfululizo na kuungua, na ulikuwa na ugonjwa mmoja sasa una miwili. Oili badilisha kila kilomita 500 na sumaku ipite kila mara. Siku sumaku ikitoka na vipande vyenye kona, simamisha hapo hapo, kwa sababu kinachofuata ni beringi ya krenki.

Jambo la bosi: kabla hujafungua kava, mwambie, na ikiwezekana awepo au atume mtu. Kwenye mkataba matengenezo ni yako, najua, lakini injini bado ni mali yake mpaka siku ya mwisho, na bolti zikiwa mezani kila mtu anakuwa fundi.

Ukipita kwangu Mwanga, mjini Kigoma, pikipiki iache huko huko Mwandiga. Niletee ile oili kwenye kopo, na hicho kitambaa cheupe bila kukikung'uta.